Katrina na boya namba 42040: ni upepo upi uliopandisha bahari mita 17?

Tarehe 29 Agosti 2005, saa 12 asubuhi kwa saa za huko, boya namba 42040 la Marekani lilituma kipimo ambacho watu wanaoshughulika na mawimbi wanakirudia hadi leo: mita 16.9. Boya hilo lilikuwa limetiwa nanga katika Ghuba ya Mexico, kama kilomita 118 kusini mwa kisiwa cha Dauphin, jimbo la Alabama. Hicho si kimo cha wimbi moja lililozuka ghafla. Ni wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa kuliko yote yaliyopita chini ya boya kwa muda wa dakika 20 hivi, na humu nitakiita kimo wakilishi. Wimbi mojamoja katika bahari ya namna hiyo linaweza kukaribia mara mbili ya hapo. Hadi siku ile, hakuna boya la mtandao wa Marekani lililokuwa limepima zaidi.

Dakika 10 baadaye kimbunga Katrina kilitua nchi kavu karibu na Buras, Louisiana. Wakati huo kitovu chake kilikuwa kama kilomita 135 magharibi mwa boya, na nguvu yake ilikuwa imeshuka hadi daraja la 3 kati ya 5. Kimbunga kinachopungua nguvu, tena kilicho mbali kiasi hicho, kimewezaje kusimamisha bahari ya mita 17? Na mtu aliyekaa mbele ya kompyuta, akiwa na programu ya kukokotoa mawimbi, aipe upepo gani ili ipate jibu lile lililopatikana na boya?

Swali hili halikuwa la wasomi tu. Matuta ya kuzuia maji ya New Orleans yalibomoka, zaidi ya watu 1,300 walikufa, na kikosi maalumu cha uchunguzi kilichoundwa na jeshi la wahandisi la Marekani, kikijulikana kama IPET, kilitakiwa kueleza ni maji kiasi gani na mawimbi gani yaliyoyapiga matuta yale, saa kwa saa. Mpimaji wa mawimbi mbele ya kila tuta hakuwapo. Ilibidi mawimbi yakokotolewe upya kwa modeli, na modeli ya mawimbi huanza na upepo. Fizikia ya modeli zenyewe ilikuwa imekwisha kusimama vizuri: WAM, iliyotoka kwenye kundi lililoongozwa na Klaus Hasselmann miaka ya 1980, ndiyo iliyotumika bahari kuu, kisha STWAVE ikayapokea mawimbi karibu na pwani, na ADCIRC ikakokotoa kina cha maji yaliyofurika. Ukizilisha upepo mbovu, zote tatu zitakupa majibu mabovu yenye sura ya kuaminika.

Upepo una uzito huu kwa sababu bahari haijibu kwa uwiano wa moja kwa moja. Bahari iliyokomaa, yaani iliyopigwa na upepo muda mrefu mpaka haiwezi kukua zaidi, kimo chake hufuata mraba wa kasi ya upepo. Ukikosea upepo kwa asilimia 10, umekosea kimo kwa asilimia 20 hivi. Ndani ya kimbunga bahari mara nyingi haijapata nafasi ya kukomaa, kwa hiyo kosa linakuwa dogo kiasi, lakini halipotei.

Kwa Katrina vyanzo vya upepo vilikuwa vingi kuliko kimbunga chochote cha bahari yetu ya Hindi kilivyowahi kupata, na bado hakuna hata kimoja kilichotosha peke yake.

Cha kwanza ni takwimu za modeli ya dunia nzima. Kumbukumbu ya hali ya hewa ya NCEP/NCAR, inayorudi nyuma hadi 1948, hutoa upepo kila baada ya saa 6 kwenye gridi, yaani ramani iliyogawanywa kwa miraba, ambayo mraba mmoja wake una upana wa kilomita 200 hivi. Upepo mkali kuliko wote wa Katrina asubuhi ile ulikuwa kilomita 46 hadi 56 kutoka kitovuni. Maana yake kiini chote cha kimbunga, pamoja na ukuta wa jicho lake, yaani duara la mawingu na upepo mkali linalozunguka kitovu, kinaingia kwenye mraba mmoja wa gridi na kupotelea humo. Modeli ya namna hii inajua vizuri upepo wa Ghuba nzima, mbali na dhoruba. Inajua mfumo wa mgandamizo wa hewa unaokisukuma kimbunga. Jicho haijui.

Cha pili ni setilaiti. QuikSCAT, iliyofanya kazi toka 1999 hadi 2009, ilikuwa ikipitisha rada juu ya bahari na kusoma ukwaruzo wa uso wa maji katika ukanda wa upana wa kilomita 1,800. Kwa upepo wa kawaida na wa dhoruba ndogo ilikuwa neema. Lakini mvua kubwa inaivuruga rada ya masafa yale, na upepo ukizidi sana rada inafika mahali haioni tena tofauti kati ya bahari iliyochafuka na iliyochafuka zaidi. Kwa hiyo setilaiti hii iliuona vizuri ukingo wa Katrina na kumdanganya mtumiaji katikati.

Cha tatu, ndege. Hapa ndipo Marekani inapoachana na sisi wengine. Ndege za kikosi cha Hurricane Hunters na za idara ya bahari na anga, NOAA, ziliingia ndani ya Katrina mara kwa mara. Zinapita juu, mara nyingi kimo cha kilomita 3 hivi, zikipima upepo wa pale zilipo. Lakini mawimbi hayazaliwi kilomita 3 juu. Desturi ilikuwa kuchukua asilimia 90 ya upepo wa ndege kwenye ukuta wa jicho na kusema ndio upepo wa juu ya maji. Pamoja na hayo, ndege zilidondosha vipimaji vyenye GPS vilivyoshuka kwa parachuti hadi baharini, na zile za NOAA zilibeba chombo kinachopima mnururisho wa mikrowevu kutoka kwenye povu la bahari, kwa kuwa upepo ukizidi povu nalo huzidi.

Vipimo hivyo havikukubaliana, na kutokukubaliana kwake kuna funzo kubwa kuliko takwimu zenyewe. Taarifa zilizotolewa siku ya tukio zilisema Katrina ilitua ikiwa daraja la 4. Miezi kadhaa baadaye, vipimo vyote vilipopangwa pamoja, ilishushwa hadi daraja la 3, kilomita 205 hivi kwa saa. Upepo wa juu ulikuwa bado mkali, ila siku ile haukuwa ukishuka hadi majini kwa uwiano ule wa kawaida. Chombo cha povu na vipimaji vya parachuti ndivyo vilivyoonyesha hivyo. Mtu ambaye angechukua upepo wa ndege peke yake na kuuzidisha kwa 0.9, angeilisha modeli ya mawimbi kimbunga chenye nguvu kuliko kile kilichokuwapo.

Kitengo cha utafiti wa vimbunga cha NOAA kilichoko Miami, kazi iliyoongozwa na Mark Powell, kilikuwa na mfumo uliokusanya vipimo hivi vyote, H*Wind. Ulichukua ndege, parachuti, povu, maboya, meli, vituo vya pwani na setilaiti, ukavileta vyote kwenye sharti moja: mita 10 juu ya bahari, upepo wa dakika moja, juu ya maji na si juu ya miti na mapaa. Kisha ukachora ramani moja ya upepo kuzunguka kitovu.

Sharti hilo la usawa ndilo ninaloona linapuuzwa kuliko yote, kwa sababu linaonekana la kikarani. Boya la NOAA lenye upana wa mita 3 hupima upepo mita 5 juu ya maji na kutoa wastani wa dakika 8. Kituo cha pwani hutoa wastani wa dakika 2. Kituo cha vimbunga cha Miami kinatangaza wastani wa dakika moja. Modeli ya mawimbi inataka upepo wa muda mrefu zaidi, maana wimbi halikui kwa mvumo wa sekunde chache. Upepo ulioandaliwa kwa uchunguzi wa Katrina uligeuzwa kuwa wastani wa dakika 30. Juu ya bahari, upepo wa dakika 10 ni kama asilimia 93 ya ule wa dakika moja. Asilimia 7 hizo, ukizisahau, zimeshakupa kosa kabla hujaanza kuunganisha chochote.

Sasa kuunganisha kwenyewe. Kampuni ya Oceanweather ya Connecticut, ambako Vincent Cardone na Andrew Cox walifanya kazi hii kwa miaka mingi, ilichukua kiini kutoka H*Wind na kukiweka ndani ya upepo wa Ghuba nzima uliotokana na NCEP/NCAR na kusahihishwa kwa maboya na QuikSCAT. Mfumo wao unampa mtaalamu nafasi ya kuingia kwa mkono: anaangalia kipimo kimoja kimoja, anakataa kinachokwenda kombo, anasogeza mistari ya upepo. Wapo wanaodhani kazi ya mkono ni udhaifu. Kwa dhoruba moja inayochunguzwa kwa ajili ya uhai wa mji, mimi naiona kuwa ndiyo ubora wenyewe.

Wasio na H*Wind hutengeneza kiini kwa kanuni. Inayotumika zaidi ni ya Greg Holland ya mwaka 1980, inayohitaji mgandamizo wa hewa kitovuni, umbali wa upepo mkali kuliko wote, na namba moja ya kuamua upepo unapungua upesi kiasi gani ukienda nje. Ukutani mwa jicho kanuni hiyo inafanya kazi vizuri mno kwa urahisi wake. Nje inakosea, kwa kuwa kimbunga halisi kinakutana na mifumo mingine ya hewa ambayo kanuni haina habari nayo. Hivyo unatumia kanuni ndani, modeli ya dunia nje, na katikati unashona.

Mshono huo ndio kisa chote cha boya 42040. Lilikuwa kilomita 135 kutoka kitovuni, takriban mara mbili na nusu hadi tatu ya umbali wa upepo mkali kuliko wote. Si ndani, si nje. Ni palepale ambapo mtu wa kawaida angeweka mpaka wa vyanzo vyake viwili.

Chukua namba za mfano. Tuseme pale boyani kanuni ya kiini inasema upepo ni mita 34 kwa sekunde, na modeli ya dunia inasema 24. Ukiamua kwamba kiini kitawale hadi kilomita 100, kisha kipungue taratibu mpaka kilomita 200 kiishe, pale kwenye kilomita 135 kiini kina uzito wa asilimia 65, na upepo uliochanganywa ni mita 30.5. Mwenzako akaweka mpaka wake kilomita 80 hadi 160. Uzito wa kiini unashuka hadi asilimia 31 na upepo ni 27.1. Hakuna aliyebadilisha data. Wote wawili wana vyanzo vilevile. Lakini upepo umetofautiana kwa zaidi ya mita 3 kwa sekunde, na bahari ikikomaa kimo kitatofautiana kwa robo nzima. Hapo ndipo ninapopingana na ripoti zinazosema tu kwamba vyanzo "viliunganishwa": zitaje umbali wa mshono na sababu ya kuuchagua, la sivyo msomaji hana cha kupima. Katrina yenyewe ilikuwa na upepo wa nguvu za kimbunga hadi kilomita 140 hivi mashariki mwa kitovu. Mshono wa karibu mno ungeukata upana huo, na upana ndio uliokuwa silaha yake. Camille, kimbunga cha mwaka 1969, ilipita njia inayofanana, ikatua ikiwa na nguvu zaidi, ila ilikuwa ndogo kwa umbo. Maji yake kule Pass Christian, Mississippi, yalipanda kama mita 7.5. Ya Katrina yalifika 8.5.

Kuna mtego mwingine, wa mahali. Modeli ya dunia inaweza kuweka kitovu makumi ya kilomita mbali na kilipo kweli. Ukivijumlisha vyanzo bila kusogeza kitovu kwanza, unapata majicho mawili: kwenye nafasi kati yake upepo wa huku unapambana na wa kule, mishale inafutana, na bahari inatulia pasipostahili kutulia. Mtego wa muda unafanana na huo. Katrina ilikwenda kilomita 20 hivi kwa saa, kwa hiyo kati ya ramani mbili za saa 6 ilisogea kilomita 120. Ukijaza saa za katikati kwa wastani wa kawaida, kimbunga hakitembei; kinafifia mahali kimoja na kuchomoza kingine. Dawa yake ni kuchanganya ukiwa umekaa kitovuni, yaani kupima kila kitu kwa umbali na mwelekeo kutoka kwenye jicho, kusogeza jicho kwa njia yake halisi dakika kwa dakika, na baadaye ndipo kurudisha upepo kwenye ramani.

Hata ukifanya yote hayo vizuri kwa asubuhi ya tarehe 29, bado hujapata mita 16.9. Lazima urudi nyuma. Katrina ilifikia kilele tarehe 28 saa 7 mchana, ikiwa na mgandamizo wa milibari 902 na upepo wa kilomita 280 kwa saa, kusini-mashariki mwa mlango wa mto Mississippi. Kutoka hapo hadi Buras ni kama kilomita 350, nayo iliichukua saa 17. Mawimbi yenye muda wa sekunde 14 kutoka kilele kimoja hadi kingine husafirisha nguvu yake kwa kilomita 39 hivi kwa saa katika maji marefu, karibu mara mbili ya mwendo wa kimbunga, na umbali uleule yanaumaliza kwa saa 9. Kwa hiyo mawimbi yaliyozaliwa wakati Katrina ilipokuwa daraja la 5 yaliwahi kufika kabla yake. Boya lilishuhudia: saa 1 usiku wa tarehe 28 lilikuwa tayari limepima mita 9. Alfajiri upepo wa hapo hapo ukaja kuongeza juu ya bahari iliyokuwa imekwisha kusimama. Upande wa kulia wa njia ya kimbunga, ambako upepo na mwendo wa dhoruba vinaelekea kumoja, mawimbi madogo yalikaa ndani ya upepo muda mrefu kuliko kawaida na kukua. Boya lilikuwa upande huo.

Mwandaaji wa upepo anayeutunza muda wa kutua tu na kuacha siku iliyotangulia kwa modeli ya dunia, amekata mzizi wa mawimbi yake.

Na boya nalo si hakimu asiyeulizwa. Jingine, namba 42003, lilipinduka ndani ya kimbunga hichohicho. Boya dogo likilazwa na upepo, kipimaji kilichofungwa mwilini mwake husoma sehemu ya mwendo wa ubavu kama mwendo wa juu na chini, na kimo kinazidi. Uchambuzi wa boya lingine la mita 3 lililokuwa upande wa Mississippi wakati wa Katrina ulionyesha hivyo. Upepo nao unapunguka kwenye kipimaji cha mita 5 kila boya linaposhuka kwenye bonde la mawimbi ya zaidi ya mita 10. Modeli ikitoa chini kidogo ya 16.9, sitakimbilia kuongeza upepo mpaka ikubaliane. Nitaangalia kwanza kama saa ya kilele ni ileile, kama muda wa mawimbi ni uleule, na kama yale ya usiku uliotangulia yalifika kwa wakati. Vitu hivyo vitatu ni vigumu kuvipata sawa kwa bahati.

Kwetu magharibi mwa Bahari ya Hindi, hakuna ndege ya kuingia ndani ya kimbunga, na maboya ya mawimbi ni haba. Kituo cha kanda kilichoko kisiwa cha La Réunion hutoa upepo wa wastani wa dakika 10, cha jeshi la Marekani hutoa wa dakika moja. Kimbunga Kenneth, kilichopita kaskazini mwa Ngazidja tarehe 24 Aprili 2019 na kutua Cabo Delgado, Msumbiji, siku iliyofuata, La Réunion ilikipa kilele cha kilomita 215 kwa saa na Wamarekani 230. Wengi walidhani vituo vinabishana. Gawanya 215 kwa 230 utapata 0.93, uwiano uleule wa dakika 10 kwa dakika moja. Ukichanganya moja na nyingine bila kusawazisha, unaongeza kosa ambalo halikuwapo.

Huku kusini mwa ikweta upande mkali ni wa kushoto. Kenneth ikielekea magharibi, ulikuwa upande wa kusini. Mtwara, iliyokuwa kaskazini ya njia yake, ilipata upepo dhaifu zaidi na wa kutoka bara. Mshono uliokosewa kwa kilomita chache ungeweza kubadili hadithi ya Pemba ya Msumbiji bila kugusa ya Mtwara kabisa. Kimbunga Hidaya, kilichofika Mafia tarehe 4 Mei 2024 na kusimamisha vivuko vya Dar es Salaam na Zanzibar, kilitukumbusha kwamba hata pwani iliyo karibu na ikweta haina kinga.

Tulicho nacho sasa, ambacho waliochunguza Katrina hawakuwa nacho, ni rada za setilaiti za Sentinel-1 zinazoweza kusoma upepo ndani ya kiini kwa ukaribu wa kilomita chache zinapobahatika kupita juu yake, na kumbukumbu ya hali ya hewa ya ERA5 yenye gridi ya kilomita 31 na upepo wa kila saa. ERA5 bado inapunguza upepo wa kiini, hivyo kanuni ya Holland au picha ya Sentinel-1 inahitajika ndani. Kwa kuwa boya halipo, mpimaji ni setilaiti za kupima kimo cha bahari, Jason-3 na Sentinel-3, ambazo hukata njia ya kimbunga kwa mstari mwembamba na kuondoka. Anayefanya hesabu ya Kenneth au Hidaya atafute kwanza mistari ile iliyopita kati ya mara mbili na mara nne ya umbali wa upepo mkali kuliko wote, kwa sababu ndipo mshono wake utakapokuwa.